Jicho la Fundi Saa na Mlangilangi wa Jirani

Mume wangu alikuwa fundi saa, na kazi hiyo ndiyo iliyotutoa nje kutembea. Watu wa mtaa wetu hapa Bagamoyo hawakuamini. Walidhani ni mapenzi, na mapenzi ya kutembea njiani jua likiwaka, mke na mume bega kwa bega, miaka ile ya kabla ya uhuru yalionekana kama aina ya ugonjwa. Mtu akitoka na mkewe, basi kuna maziko, au harusi, au mmoja wao anapelekwa hospitali. Sisi tulikuwa tunakwenda kutazama maua. Wa kwanza kuniuliza nilimjibu hivyo hivyo, akanishika kipaji cha uso kuona kama nina homa.

Kwa hakika ilikuwa dawa. Mume wangu alifundishwa kazi Dar es Salaam na mzee mmoja wa Kihindi, ambaye alimwonya kwamba fundi saa asipopumzisha macho kila siku kwa kutazama majani na vitu vya mbali, ataanza kupapasa kuta kabla hajapata mjukuu. Na mume wangu alikuwa mtu wa kushika maneno. Kutwa ameinamia meza yake ndogo barazani, jicho la kulia limebana kioo cheusi cha kukuzia, la kushoto amelifumba, anachokonoa vigurudumu ambavyo mimi hata ungenivika miwani ya mtaa mzima nisingeviona. Akishaswali alasiri, anaifunika meza kwa kitambaa na kusema, "Haya, tukapumzishe macho."

Mwanzoni nilikataa. Mimi nimezaliwa mtaa huu, kila baraza lina shangazi yangu au mtu anayejifanya shangazi yangu, na sikuwa tayari kupita mbele yao nikiandamana na mwanamume kama tunakwenda kushtakiana. Nikamwambia macho ni yake, akayapumzishe mwenyewe. Akaenda. Yeye alikuwa mtu wa Saadani, kwao walikuwa wakianika samaki, na maua hakuyajua hata kidogo. Jioni ya kwanza aliniletea maua makubwa ya manjano ameyafunga kwenye leso, uso umejaa furaha, akanitaka niyavae kichwani. Yalikuwa maua ya maboga. Nikayapika kwa nazi.

Jioni iliyofuata alileta maua ya mnyonyo, ule wa mafuta ya kuharisha. Hapo nikaona kwamba nikimwachia hivi hivi ataniaibisha zaidi peke yake kuliko tukiwa wawili, kwa sababu alikuwa anayachuma mbele za watu na kuwaeleza kwamba ni ya mkewe. Nikavaa buibui, nikatoka naye, nia yangu ikiwa ni kumfundisha tu, kisha nirudi kwenye shughuli zangu. Shughuli zenyewe zilikuwa kutunga maua. Kwenye kila harusi ya mtaa mimi ndiye niliyekuwa nikitunga makoja ya asumini na kufunga vikuba, vile vishada vidogo vya maua na majani ya rehani ambavyo wanawake huvipachika kifuani na kwenye nywele. Mtu ambaye mkewe anatunga vikuba vya watu, yeye akambebea mkewe mnyonyo, ni jambo la kumtia mtu wazimu.

Tulikuwa tunapita nyuma ya msikiti, tunazunguka nyumba za mawe, tunashika njia ya Kaole mpaka minazi inapoanza kuwa mingi, kisha tunarudi kabla ya magharibi. Vuli ya mwaka ule ilikuwa nzuri. Asumini zilikuwa zimejimwaga juu ya kuta, rehani imejaa katika madebe barazani, milimau imechanua hata nyuma ya vyoo, na mijohoro ya njiani imejaa manjano mpaka chini. Nikamwonyesha mkilua uliojificha uani kwa watu, ambao huuoni ila kwa pua. Nikamfundisha kutofautisha asumini na afu, ile asumini ya mwituni. Ilikuwa kazi. Kwa mwezi mzima kila ua jeupe kwake lilikuwa asumini. Ua la mlimau, asumini. Ua la mpilipili, asumini. Siku moja aliona kofia ya mtu imeanikwa juu ya kichaka, akaanza kusema neno, akajikamata.

Lakini alikuwa na jambo moja ambalo mimi sikuwa nalo. Alikuwa anatembea na kile kioo mfukoni, na akifika kwenye ua anakipachika jichoni, anainama, anakaa humo. Mimi nilikuwa nayajua maua kwa harufu na kwa bei yake sokoni, sikuwahi kuyatazama. Akanipa kioo siku moja nilitazame ua la mlimau, ua ambalo nimelikanyaga tangu utotoni, nikaona ndani yake vitu vimepangwa vizuri hivi kwamba nikasahau nimesimama njiani na watu wanapita. Shangazi mmoja alinisalimu mara kadhaa bila jibu. Aliniambia baadaye kwamba alidhani nimepotelewa na kipini cha puani.

Nikayapenda matembezi yale. Sitaki kuficha: niliyapenda kuliko Idi. Ndani ya nyumba mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache, maana kutwa nzima alikuwa amejizoeza kutopumua karibu na saa za watu. Njiani alikuwa anazungumza. Alinieleza habari za kwao, za Mhindi wake, za saa moja ya ukutani aliyoitengeneza ikawa inagonga saa kumi na tatu. Kila ninachokijua juu ya mume wangu nilikijua kati ya msikiti na njia ya Kaole.

Sasa niseme habari za Bibi. Jirani yetu wa nyumba ya pembeni alikuwa bibi wa mtaa mzima, si kwa sababu alituzaa, bali kwa sababu alitukaripia sote. Mbele ya nyumba yake ulisimama mlangilangi, mti mrefu wenye matawi yanayoning'inia na maua ya kijani yanayogeuka manjano, na harufu yake wakati wa vuli ilikuwa inaingia msikitini bila kuvua viatu. Hakuna bibi harusi wa mtaa wetu ambaye kitanda chake hakikumwagiwa maua ya mti ule. Bibi aliyagawa mwenyewe, kwa mikono yake, na wakati anakugawia alikuwa anakuhutubia juu ya uzuri wa mti mpaka ukatamani ungechukua majani ya mwembe tu ukaenda zako. Na sasa mjukuu wake mwenyewe, aliyemlea tangu anatambaa, alikuwa anaolewa mwezi wa Rajabu. Bibi alikuwa ameapa kwamba kwenye kitanda cha mjukuu huyo shuka haitaonekana.

Siku moja ya vuli ile ile tukapita. Bibi alikuwa barazani anachambua mchele. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akatuuliza kama ndiyo tunayatembeza macho. Mume wangu akacheka, akasogea chini ya mti, akavuta tawi, akapachika kioo jichoni na kuzama ndani ya ua moja muda wa mtu kumaliza kikombe cha kahawa. Alipotoka humo akasema, "Bibi, mti unaochanua namna hii sijauona tangu nizaliwe."

Kwetu pwani maneno kama hayo hayaachwi yakining'inia. Lazima yafungwe kwa mashaallah. Usipoyafunga, husuda inapita hapohapo, hata kama moyoni huna ubaya na mtu. Mtoto mnono akisifiwa bila mashaallah, usiku ule halali yeye wala mamake. Basi Bibi akasubiri. Nami nikasubiri. Mume wangu akawa anafuta kioo chake kwa upindo wa kanzu. Ikabidi niseme mashaallah mimi, kwa sauti, nikarudia, nikatia na tabarakallah juu yake, lakini neno hilo halisemewi mtu. Njiani nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba alisema moyoni. Nikamwambia Bibi ana masikio mawili na yote yako kichwani.

Vuli ikakatika mapema. Kiangazi kikaingia na jua la kukausha mbata, visima vikashuka, maji yakaanza kuwa na chumvi, na wanawake tukawa tunapanga foleni alfajiri kwa ndoo ya kunywa na kutawadhia. Mlangilangi wa Bibi ukaanza kumwaga majani. Kisha ukamwaga vitumba vya maua kabla havijafunguka, vikawa vinalala chini vimejikunja na kuwa vyeusi. Bibi alikuwa anavifagia kila asubuhi, na kila alivyofagia, alikumbuka. Akakumbuka jicho lenye kioo. Akakumbuka tawi lililovutwa. Akakumbuka neno ambalo halikusemwa. Kufikia mwisho wa wiki mtaa mzima ulikuwa umemsaidia kukumbuka, hata watu ambao siku ile walikuwa Zanzibar.

Na kusema haki, mume wangu alifanana na kesi yake. Miaka ya kubana kioo ilikuwa imelifanya jicho la kulia kuwa dogo na kali, na la kushoto limebaki limefunguka kama la mtu aliyeshtushwa. Akikutazama ilikuwa kama unatazamwa na watu wawili wasiopatana. Mimi nilikuwa nimezoea. Wengine wakaanza kukumbuka kwamba hawajawahi kuzoea.

Tukitoka jioni, nikaona mambo. Mwanamke wa nyumba ya mkabala alitupia kanga juu ya mche wake wa waridi. Mwingine aliupaka mwasumini wake masizi, ili ukitazamwa uonekane mbaya. Mwingine akauvisha mpapai kiatu kikuukuu. Mume wangu alidhani ni kufua, akasema watu wa mtaa huu siku hizi ni wasafi sana. Hata wateja wakabadilika. Mzee mmoja alileta saa yake imefungwa kwenye kitambaa, akaiweka mezani, akageuka na kuzungumza na fundi akiwa amempa mgongo. Akamwomba aitazame saa peke yake na asitazame kitu kingine chochote.

Nikaona bora nimwambie mwenyewe. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema kama jicho lake lina nguvu hivyo angelitumia kuua kunguni. Alicheka siku mbili hivi. Kisha tukiwa njiani tukakutana na mama mmoja kijana amembeba mwanawe mgongoni. Sisi wakati ule Mungu alikuwa bado hajatujalia, na mume wangu alikuwa hampiti mtoto wa mtu bila kumchezea kwa nyuso. Yule mama alipotuona akamfunika mtoto uso kwa kanga, akapita upande wa pili wa njia karibu na kuingia mtaroni. Tukageuka tukarudi nyumbani, na mijohoro hatukuifikia.

Bibi naye hakuwa amekaa bure. Alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kuuliza dawa. Mwalimu akamwambia ilivyo: mtu anayedhaniwa jicho lake limedhuru hutawadha, maji yale yakakusanywa, akamwagiwa aliyedhuriwa. Kuhusu mti, mwalimu alisema hajasoma popote, lakini haoni kwa nini mti ubaguliwe. Basi alasiri ile tukapokea bakuli kubwa la shaba kutoka kwa Bibi, limepanguswa vizuri, na salamu kwamba fundi afanye hisani atie humo maji yake ya udhu.

Mume wangu akalitazama lile bakuli muda mrefu. Nikamwambia, mpe maji, maji ni maji, tumalize. Akatikisa kichwa.

"Nikitoa maji haya nimekubali," akasema. "Leo mlangilangi. Kesho mtoto wa mtu akiharisha, wataniletea ndoo."

Akalirudisha bakuli tupu. Na tangu siku ile akaacha kutoka. Akiswali alasiri anarudi kwenye meza yake, anageuza kiti, anatazama ukuta. Nikamkumbusha Mhindi wake na upofu. Akasema ukuta nao uko mbali kidogo. Akaapa kwamba hatatembea nami tena njia ile mpaka Bibi aliyelitoa neno alirudishe mwenyewe kwa mdomo wake, na kama hawezi, basi Saadani kuna watu wenye saa. Nami nilimjua: alikuwa mpole, lakini akishasema amesema. Na Bibi nilimjua tangu nikiwa mtoto; hakuwahi kurudisha neno, hata siku alipogombana na mbuzi.

Nikakaa ndani siku kadhaa nikipika kwa hasira. Vyakula vilitoka na chumvi nyingi. Sikuwa nikijali mlangilangi, wala kitanda cha mtu. Nilitaka matembezi yangu, na nilimtaka mume wangu ayatembee ameinua uso. Kisha nikasikia kwamba vikuba vya harusi ile amepewa mtu mwingine avifunge, mtu ambaye anafunga vikuba kama anafunga kuni. Hapo mori ukanipanda. Nikavaa buibui upande, nikaenda kwa Bibi.

Uani wanawake walikuwa wamejaa, wengine wanatwanga bizari, wengine wanapepeta mchele wa harusi. Nilipoingia, mazungumzo yakakatika, na mmoja akaufunika ungo. Nikamwamkia Bibi kwa adabu zote, nikamwomba radhi kwanza, kwa sababu nilijua nitakayoyasema yatahitaji radhi. Kisha nikamuuliza ni nani katika uwanja ule hajausifu mlangilangi. Nikasema kama ni kusifu bila mashaallah ndiko kulikoukausha, basi mume wangu aliusifu siku moja tu, na wao wanausifu miaka. Nikamwomba binti wa jikoni karai na birika. Nikakaa kitako mbele yao, nikatawadha ndani ya karai pole pole, mikono, uso, mpaka miguu, nikalisogeza karai kwa Bibi.

"Haya ya kwangu," nikasema. "Niliutamani mti huu tangu sina meno ya utu uzima. Sasa niambie, Bibi, weye umewahi kusema mashaallah?"

Kwani nani husema mashaallah juu ya kitu chake mwenyewe? Bibi alikuwa anausifu mti ule alfajiri, mchana na usiku, na wala hakukumbuka kufunga sifa hata moja. Niliona uso wake ukibadilika, na kweli nilimwonea huruma, kwa sababu aliupenda. Akavua viatu. Akavuta birika.

Baada ya hapo haikuwezekana kuwazuia. Yule aliyeufunika ungo akasema kwamba Ijumaa iliyopita alipita chini ya mti akasema "jamani" na hakusema kitu kingine. Mwingine akasema hiyo si kitu, yeye aliuota. Wa tatu, ambaye hakupenda kushindwa, akakiri kwamba mwaka juzi aliuonea wivu mpaka akashindwa kula. Wakawa wanasukumana kwenye birika. Habari ikafika msikitini, na wanaume nao, ambao kila siku walikuwa wanaswali huku harufu inawachezea puani, wakaona si vyema kubaki nyuma. Yakatengwa makarai pale mahali pa kutawadhia. Mwalimu mwenyewe akaleta ya kwake katika mtungi. Alisema siku moja alikuwa anafundisha habari za Peponi, akanyoosha kidole kwenye mlangilangi wa Bibi, na hakumbuki kama alimalizia.

Basi kila alasiri ikawa hivyo. Watu wanakuja na makarai yao, wanamwaga shinani, wanasema mashaallah kwa sauti ya kusikika, wanaondoka wamepungukiwa na dhambi. Hata watu wa mitaa ya jirani wakaja, kwa tahadhari. Mti ule kiangazi kile ulikunywa maji kuliko ng'ombe. Mtaa mzima ulitoa, mtu mmoja tu hakutoa. Mume wangu alikaa kwenye meza yake, ameupa msafara mgongo, anaitazama saa ya mtu iliyokwisha kupona siku nyingi.

Mimi nilikuwa nimepata hofu mpya. Niliona nimekosea mno. Mti ukifa, watasema umekufa kwa sababu maji ya fundi hayamo. Nikamsihi. Nikamwambia hata tone moja, nitalipeleka mimi, hakuna atakayejua. Akasema yeye atajua. Tukanuniana.

Mti haukufa. Ulianza kwa kuacha kumwaga majani. Kisha yakatoka majani mapya, laini, na kwenye kila tawi vikaning'inia vitumba vya maua vya kijani, vingi kuliko vya vuli. Rajabu ilipoandama, vilikuwa vimeanza kugeuka rangi, na harufu ikarudi msikitini. Mimi nina mawazo yangu kuhusu mti unaomwagiwa makarai ya maji kila siku wakati wa ukame, lakini hakuna aliyeniuliza, na siku zile nilikuwa nimesema ya kutosha.

Watu walikuwa na mawazo yao, na ndiyo yaliyoshinda. Ilianzia uani kwa Bibi, kati ya wanawake wale wale wa ungo na kinu. Mti umepona kwa maji ya watu. Maji ya fundi hayakuwamo. Basi jicho lilikuwa la nani? Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amejitaja mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi, tena baadhi yao kwa madaha. Katika mtaa mzima aliyebaki safi ni mtu mmoja tu. Wiki ile kanga ikaondolewa kwenye waridi, mpapai ukavuliwa kiatu, na yule mama kijana akaja barazani kwetu akiwa amembeba mwanawe mbele, ati anauliza saa ngapi. Mtoto alikuwa amegeuzwa ili fundi amwone vizuri. Mume wangu akamchezea kwa uso, jicho dogo na jicho kubwa, mtoto akacheka. Mimi nikaingia ndani kwanza, nikajifuta machozi kwa upindo wa kanga, nikatoka.

Lakini kutembea hakutembea. Alikuwa anangoja neno lake.

Bibi akaja siku chache kabla ya harusi, alasiri, amevaa buibui la kutokea na viatu vya Idi, nyuma yake wanawake kama wa msafara wa posa. Akapiga hodi. Mume wangu akasimama, akamwamkia, akampisha kiti. Bibi akakataa kiti. Nadhani alijua kwamba akikaa hataweza kusema.

"Fundi," akasema, "maji ya watu wote yamemwagwa na yako hayamo, na mti umepona. Nilisema jicho ni lako. Si lako. Nimelirudisha."

Mume wangu akashukuru kwa kichwa. Bibi hakuondoka. Akasema keshokutwa wanachuma maua ya kitanda, na anamwomba fundi aje autazame mti kabla mtu mwingine yeyote hajausogelea, maana macho mengine yote ya mtaa yamekwishajulikana. Aje na kioo chake kama anapenda.

"Nitakuja na mke wangu," mume wangu akasema.

Bibi akakohoa. Akanitazama, akawatazama wanawake wake, akasema kwa upole wote alionao kwamba mambo hayo hayana ubaya, lakini mimi nilitoa maji. Tena nilikuwa wa kwanza. Tena mbele ya watu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na upawa mkononi. Mimi niliyelianzisha lile jambo zima kumwokoa mume wangu, sasa ndimi mwenye jicho baya lililoandikishwa rasmi.

Mume wangu alikuwa mtu ambaye hakuwahi kunitaja mbele za watu. Akitaka chai alikuwa anasema "huko ndani" wapike chai. Akaja akasimama karibu nami pale mlangoni, mbele ya Bibi na msafara wake wote.

"Jicho la huyu, Bibi, limenikalia mimi kila siku tangu tuoane," akasema. "Nitazame. Nimenyauka wapi?"

Bibi akamtazama, kuanzia kofia mpaka miguu, bila haraka, kama anavyotazama mchele. Mume wangu wakati ule alikuwa ameshaanza kuota kitambi. Wanawake wakainamisha nyuso, na mabega yao yakaanza kutikisika. Bibi akasema basi tuje wote wawili, na tuje mapema kabla jua halijawa kali. Akajifunga buibui akaondoka.

Mimi nikaenda ndani kuvaa langu. Kuchuma kulikuwa keshokutwa, lakini alasiri ilikuwa imeingia, na yeye alikuwa tayari anaifunika meza.